Visahani Kwenye Ungo

Tulimzika Daktari Jumamosi iliyopita, hapa hapa Kibaha, na maneno yaliyosemwa mbele ya jeneza lake bado yananikera. Walisimama wasemaji watano, wote waliwahi kufanya kazi chini yake, wote wamevaa suti katika jua la saa nane, na kila mmoja akasema marehemu alikuwa mwalimu mwenye subira, aliyeeleza jambo mpaka likaeleweka. Mimi nilikuwa safu ya tatu, kiti cha plastiki kinanibana mapaja, nikajiuliza ni Daktari gani huyo wanayemzika. Nilikuwa chini yake mwaka mzima, na sikumbuki alinieleza jambo hata moja. Aliagiza. Ukimwuliza kwa nini, alikutazama juu ya miwani kana kwamba umemkanyaga mguu. Darasani tulifundishwa kuuliza si ujinga, lakini kwa Daktari kuuliza kulikuwa utovu wa nidhamu. Najua marehemu hasemwi vibaya, na mimi mwenyewe ni mzee, siku si nyingi watu watakaa kwenye viti kama vile wanisifie kwa nisiyokuwa nayo. Lakini mwaka ule wa sabini na sita ndio ulionifanya niwe hivi nilivyo, na siwezi kuusimulia kwa adabu ya msibani.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na jeshi la kujenga taifa, na utaratibu wa miaka ile haukuruhusu mtu kwenda Chuo Kikuu moja kwa moja. Kwanza ufanye kazi, kisha mkuu wako wa kazi aandike barua kwamba u mwaminifu na mchapakazi, ndipo tawi la chama nalo likubali. Bila barua ya mkuu wako, vyeti vyako ungefungia maandazi. Mimi nilipangiwa kituo kimoja cha utafiti wa kilimo ndani ndani kutoka Maili Moja hapa Kibaha, niwe msaidizi wa maabara wa Daktari, aliyekuwa mtafiti, si tabibu, na tangu siku ya kwanza kila nilichokigusa nilikigusa nikiifikiria barua ile. Maabara yenyewe ilikuwa ghala la mbegu lililopakwa chokaa. Bati halikuwa na dari upande mmoja, na mvua ikinyesha tulizungumza kwa ishara. Kulikuwa na meza ndefu ya mninga, dirisha moja kubwa la kioo upande wa mashariki, na makabati mawili ya mbao, moja langu na moja la mwenzangu Gaudence. Gaudence alitia kufuli kwenye kabati lake siku ileile tuliyokabidhiwa. Alisema jeshini amejifunza kwamba kitu kisichofungwa ni cha wote. Mimi langu nililiacha hivyo hivyo, na mhudumu wetu, Bi Zuhura, alikuwa akilifuta vumbi ndani na nje.

Bi Zuhura alikuwa mama wa makamo, Mzaramo wa Kisarawe, mwembamba, mwenye mdomo usiopumzika. Alifagia, aliosha vyombo vya kioo, alitupikia chai, na saa saba alitugawia chakula chake maana chetu kilikuwa hakiliki. Ule ndio ulikuwa wakati wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na ugali wake ulikaa tumboni kama tofali. Yeye alikuja na kisamvu cha nazi ndani ya bakuli la bati lenye kifuniko. Akinipakulia alisema, "Kula mwanangu Stella, huko bara kwenu hawakukunenepesha." Gaudence alipakuliwa pia, lakini hakuitwa mwana.

Kazi yetu ilikuwa mwani. Mbolea ya viwandani ilikuwa imeadimika, vijiji vya ujamaa vinahimizwa vilime zaidi, na Daktari alikuwa na wazo ambalo hata leo, pamoja na hasira zangu, nakiri lilikuwa wazo zuri. Kwenye maji ya majaruba ya mpunga huota utando wa kijani unaokaribia buluu. Siku hizi viumbe wale wanaitwa sayanobakteria. Enzi zile tuliwaita mwani tu. Baadhi yao hunasa nitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea, yaani mbolea ya bure. Bi Zuhura ndiye aliyetupeleka kwenye bonde la kwao, mbele ya Masaki ya Kisarawe, katikati ya mikorosho na mihogo, akapandisha kanga mpaka magotini, akaingia majini kuuzoa utando kwa mikono. "Huu tunauchukia, unanata miguuni," alisema, "lakini jaruba lenye huu, mpunga wake hunenepa." Daktari alimwambia asitoe maoni, ashike chupa vizuri.

Tatizo lilikuwa jua. Ukimwaga mwani shambani kabla mpunga haujatoa kivuli, jua la Pwani huuchoma, na wengi hufa. Daktari alitaka kujua ni aina ipi kati ya tisa tulizozikusanya inayostahimili. Kwa hiyo aliagiza taa ya mionzi ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho, inayobabua ngozi. Mionzi hiyo ikiingia ndani ya seli huipiga DNA, ule uzi mrefu uliobeba maagizo yote ya uhai. Herufi mbili za jirani kwenye uzi huo hugandana, kama meno mawili ya zipu yaliyoumana vibaya. Zipu ikifika hapo hukwama. Seli haiwezi kusoma maagizo yake, haiwezi kujigawa, hufa. Hayo ndiyo niliyowafundisha watoto wa watu kwa miaka thelathini. Wakati ule sikuyajua. Nilijua maagizo tu: panda mwani kwenye visahani vya kioo, saa tisa alasiri fungua vifuniko, washa taa kwa muda uliopangwa, rudisha vifuniko, weka kabatini gizani siku mbili, kisha toa, weka kwenye mwanga vikue, na baada ya siku kumi hesabu vidoa vya kijani. Kila kidoa ni mmoja aliyenusurika. Kwa nini gizani, kwa nini siku mbili? Nilimwuliza mara moja, akasema, "Fuata maagizo, Ndugu Stella." Sikurudia.

Vidoa vyangu vikaanza kunitia wazimu. Aina ileile, taa ileile, muda uleule. Gaudence akihesabu vidoa vitatu, mimi nahesabu sabini. Wiki inayofuata yeye vinne, mimi themanini. Halafu ghafla, nami vitatu. Nilikagua saa, nilikagua umbali wa taa, nilibadilisha maji, nilichemsha visahani mpaka kimoja kikapasuka. Nilijaza daftari na kulifuta mpaka karatasi ikatoboka. Gaudence, ambaye hakuwa mtu mbaya, alinisaidia kuhesabu upya na akapata hesabu yangu ileile. "Dada Stella, labda una mkono wa baraka," alisema, na nikatamani kumrushia stuli. Baraka gani hiyo, inayokuja na kuondoka? Ningekuwa na vidoa vingi siku zote ningejitetea. Vilivyoruka huku na huku vilinifanya nionekane mtu anayebuni namba na kusahau alibuni nini wiki iliyopita.

Na ndivyo nilivyoonekana. Ukuta kati ya maabara na ofisi ya Daktari ulikuwa wa mbao nyembamba, na siku moja, nikiwa nimeinama chini ya meza nikiokota kifuniko, nilimsikia akiongea na mgeni kutoka makao makuu. Mgeni aliuliza kuhusu hesabu za msaidizi wa kike. Daktari akasema, bila hata kushusha sauti, "Yule binti anapika takwimu. Nasubiri mwisho wa mwaka, nitaandika hivyo hivyo kwenye barua yake." Nilikaa chini ya meza ile mpaka miguu ikafa ganzi. Sikulia. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimehesabu kwa haki, kidoa kwa kidoa, mpaka macho yanauma, na sikuwa na namna ya kuithibitisha haki yangu.

Nikaamua kwamba mtu anachezea visahani vyangu, na mtu huyo atakuwa Gaudence. Asubuhi iliyofuata niliamka mapema, nikatembea kutoka nyumba za wafanyakazi wakati umande bado uko kwenye majani, nikafika maabara kabla ya saa moja. Barazani, juani, kulikuwa na ungo. Juu ya ungo, vimepangwa kwa mviringo safi, vilikuwa visahani vyangu kumi na viwili, pamoja na vikombe vya chai. Bi Zuhura alikuwa amechuchumaa akivifuta kwa pindo la kanga.

"Bi Zuhura! Unafanya nini?"

"Marahaba," alijibu, maana sikuwa nimemwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Naanika."

"Unaanika nini?"

"Vyombo vyako. Si naanika kila siku? Tazama jasho lake. Mtu anavifungia kabatini siku mbili na masika hii, havitavunda? Kwetu hata godoro linaanikwa."

"Umevifunua?"

"Miye nina wazimu nifunue? Nafuta jasho juu ya vifuniko, nusu saa, navirudisha nilipovitoa."

"Na vya Gaudence?"

"Vya yule nitavianikaje na kufuli lote lile? Kwanza vyako ndivyo ninavyovionea huruma."

Nilikaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimekuja kugombana, lakini kichwani siku zilikuwa zinajipanga zenyewe. Visahani nilivyoviweka Jumamosi ndivyo vilivyokufa, na Jumapili Bi Zuhura haji kazini; jua la Jumatatu liliwakuta wameshakufa. Vile vya siku zilizofuatiwa na asubuhi ya mvua, navyo vilikufa. Vilivyopona vyote vilikuwa vimeliona jua asubuhi yake. Mwaka mzima ule sijawahi kufurahi kama nilivyofurahi kwenye ngazi zile, na naikumbuka furaha ile kwa uchungu maana haikufika hata mwezi.

Kwa wiki tatu zilizofuata nilifanya jambo langu bila kumwambia mtu isipokuwa Bi Zuhura. Kila nilipowasha taa niligawa visahani viwili viwili: nusu vibaki kabatini, nusu Bi Zuhura avianike kwenye ungo, na safari hii niliandika saa ya kutoka na saa ya kurudi. Alilifanya jambo lile kwa fahari, akinipigia kelele kutoka barazani, "Nusu saa imetimia, andika!" Nilirudia mara nne. Vya gizani vilikufa karibu vyote, vya kwenye ungo viliota. Sasa najua kwa nini. Ndani ya mwani mna kimeng'enya kinachoitafuta ile sehemu ya uzi iliyogandana na kuishika, lakini hakina nguvu ya kuibandua mpaka mwanga wa buluu, wa kawaida kabisa, ukifikie. Mwanga ukifika, meno ya zipu yanaachana, zipu inakwenda. Na kioo cha kifuniko kilizuia ile sehemu ya jua inayobabua, kikapitisha ile inayoponya. Hata gizani mwani haukai bure. Kuna vimeng'enya vingine vinavyokata kipande kilichoharibika na kutia kipya, kama fundi anavyokata nguo iliyoungua akashona kiraka, ila kazi hiyo ni ya polepole na majeraha yakizidi haiwahi. Mimi sikuwa na maneno hayo. Nilikuwa na sentensi moja tu, niliyoiandika kwa wino na kuipigia mstari: mwanga unawaponya.

Nilimpelekea Daktari daftari asubuhi. Ofisini mwake mlikuwa na harufu ya kahawa na karatasi za zamani, na kabati la vitabu lililofungwa kwa ufunguo aliouning'iniza shingoni. Alisoma kurasa zangu zote, akilamba kidole kila alipofunua. Kisha akafungua kabati, akatoa kitabu cha jalada la kijivu, akakifungua katikati bila hata kutafuta, akanisukumia. "Soma," alisema. Nilisoma. Yote yalikuwamo. Watu wa nchi za mbali walikuwa wameligundua jambo lile kwa bakteria kabla mimi sijazaliwa, na baadaye kwa mwani wenyewe, kwa michoro mizuri na majina marefu.

"Ndugu Stella, unadhani makabati yale ni urembo?" aliniuliza. "Giza ni la kuzuia hilo hilo."

"Mbona hukutuambia?"

"Niliwaambia gizani, siku mbili."

"Hukutuambia kwa nini."

"Ungejua kwa nini, ungefunga vizuri zaidi?"

Jibu lilikuwa ndiyo. Ningefunga vizuri, na Bi Zuhura angeambiwa na asingeanika, na mwaka wangu usingepotea. Na kuna jibu jingine lililonijia miaka mingi baadaye, nikisimamia mtihani, ambalo natamani ningelipata siku ile: shambani hakuna kabati. Majaruba ya Masaki yako juani kutwa. Mwani unaofaa kule ni ule unaojua kujiponya kwenye mwanga, na sisi tulikuwa tunaupima gizani, tukiwatupa labda waganga bora kuliko wote kwa sababu ya wachache waliokuwa na ngozi ngumu. Mradi ule ulikufa baada ya misimu miwili, na sina hakika kwamba haukufia kabatini humo. Lakini siku ile nilikuwa binti wa miaka ishirini mbele ya kitabu cha kijivu, na nilikisukuma tu kumrudishia.

Daktari alifunga daftari langu. "Kuhusu zile hesabu za mwanzo, kuna mawili," alisema. "Ama umepika takwimu, ama kuna mtu anavunja maagizo ndani ya maabara yangu. Niandike lipi?" Fomu ya Chuo Kikuu ilikuwa pale mezani, jina langu limeshaandikwa juu yake.

"Ni Bi Zuhura," nikasema. "Lakini hakujua, Daktari. Alikuwa anaanika tu."

"Asante," alisema, akavuta fomu.

Nilijidanganya kwamba atamwita amwelekeze, labda amkemee kidogo. Jumatatu hapakuwa na chai. Tuliambiwa Bi Zuhura amepumzishwa kwa kukiuka maagizo ya kazi. Gaudence alifagia mwenyewe, akisema si haki, yule mama ana watoto wanne, na kwamba yuko tayari kwenda kumwombea. Nilimwambia asijisumbue, Daktari habadiliki. Ukweli ni kwamba niliogopa kwenda naye ofisini, Daktari akataja kule alikolipata jambo hilo. Barua yangu ilitoka wiki hiyo. Iliandikwa kwamba mimi ni mwaminifu.

Kabla sijaenda Chuo nilikwenda kumwona Bi Zuhura kwao Kisarawe, alikokuwa amerudi. Nilipanda basi mpaka Dar es Salaam, nikapanda jingine, kisha nikatembea kwa miguu mpaka kwake, jasho limenilowanisha. Nilikuwa nimekwenda kumwomba radhi. Naapa nilikuwa nimekwenda kwa hilo. Alinikaribisha mkekani ndani, kwenye chumba chenye kitanda cha kamba na gunia la korosho, akanipikia wali wa mpunga wa bondeni na kisamvu, akakaa akinitazama nikila. Hakulalamika. Alisema sasa analima tu, na mtoto wa pili ameacha shule kumsaidia, kwa muda. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hivi nani alimwambia Daktari?"

Nilikuwa na tonge mkononi. Ningeweza kusema sijui. Hata hilo lingekuwa uongo mdogo unaovumilika. Nikasema, "Gaudence."

Bi Zuhura aliguna. "Nilijua. Mwenye kufuli." Na nilipoondoka alinifungia korosho za kubanguliwa kwenye kipande cha kanga nikale Chuoni na wenzangu. Asante ya punda mateke, wanasema, na mateke yale nilimpiga nikiwa nimeketi mkekani kwake, nakula chakula chake.

Wanasema pia njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda karibu miaka hamsini bila kukwama popote. Nilisoma, nilifundisha, nilistaafu. Kila mwaka nilipofika kwenye somo la DNA nililifundisha vizuri mno, nikimweleza kila mwanafunzi kwa nini, kwa nini, mpaka wakachoka, nikajiona bora kuliko Daktari. Kumchukia Daktari kulinisaidia sana. Nilipomchukia sikuwa na haja ya kufika kwenye ule mkeka.

Jumamosi, baada ya mazishi, chakula kikagawiwa, na mzee mmoja mwenye fimbo akaja kukaa kando yangu na sahani yake ya pilau. Alikuwa Gaudence. Hatukuwa tumeonana tangu mwaka ule. Anaishi kijiji cha Janga sasa, ana shamba dogo. Tulicheka kidogo juu ya taa, juu ya ugali wa yanga. Kisha akaniambia kwamba baada ya kituo alihamishiwa Kisarawe akawa bwana shamba, akapangiwa kijiji kilekile cha Bi Zuhura, nyumba ya tatu kutoka kwake, akakaa miaka kumi na moja.

"Yule mama hakuwahi kuniitikia salamu," alisema. "Hata mara moja. Nampita barazani, anageuza uso. Watoto wake hivyo hivyo. Ulipokuja wakati mgumu, maduka matupu, mgawo wangu wa sukari nilikuwa namgawia nusu, nampelekea mwenyewe mpaka mlangoni. Anamtuma mtoto kunirudishia. Kafa hajaniambia nilimkosea nini. Wewe naye mlikuwa karibu, dada Stella. Hakuwahi kukudokeza?"

Alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu anayeuliza kweli. Karibu nasi walikuwa bado wanamsifu Daktari.

"Nilimwambia ni wewe uliyesema kwa Daktari," nikamjibu. "Aliyesema ni mimi."

Hakupandisha sauti. Alikaa na kijiko mkononi, midomo ikihesabu kitu. "Miaka kumi na moja," alisema. "Kila mwezi nilikuwa napeleka ile sukari." Kisha akaiweka sahani chini ya kiti, akashika fimbo yake, akaenda kunawa mikono, na hakurudi kukaa.